Upande wa Kulia Wote ni Wangu

Kitu cha kwanza alichokalia ni kigoda changu. Hakuuliza. Na angemuuliza nani, maana mimi nilikuwa nimetumwa dukani kumnunulia yeye huyohuyo soda. Narudi na chupa mkononi, namkuta chumba cha nyuma, kwenye meza ya mjomba, juu ya kigoda changu, magoti yake na ya mjomba yanakaribia kugusana, wanacheka kitu ambacho mwanzo wake sikuusikia. Unaijua hali hiyo? Unaingia, watu wanacheka, unasimama pale na soda kama mhudumu wa hoteli.

"Asante sana shemeji," akasema, akaipokea bila hata kugeuza shingo. Macho yake yalikuwa kwenye meli.

Huyo ndiye mchumba wa dada yangu. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, kwa hiyo mimi namwita Meno, na dada akinisikia ananirushia chochote kilicho karibu. Ni mrefu, mpole, shati limenyooka, anaongea taratibu kama anasoma maelekezo ya dawa. Mama alimpenda kabla hajamaliza kuvua viatu. Mimi mama amenizaa mwenyewe na bado kuna siku ananipenda mpaka chai iishe tu, halafu basi.

Sasa ngoja niseme kuhusu hiyo meza, maana bila meza hutanielewa.

Mjomba, mdogo wake mama, anafanya kazi kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukata karatasi. Anaishi na sisi tangu mkewe aondoke. Mke alisema hawezi kuwa mke mwenza wa meli za karatasi, akabeba sanduku lake, na mjomba badala ya kumkimbilia akaomba kwanza amalizie mlingoti, gundi ilikuwa haijakauka. Ndivyo anavyosimulia mama. Mjomba anasema huo ni uongo mtupu, gundi ilishakauka, alikuwa anafunga kamba.

Anatengeneza manowari. Zile za zamani, za chuma na moshi, za enzi za mababu wa mababu, zenye mabomba ya moshi yaliyosimama kama watu kwenye foleni na mizinga kila upande. Zote kwa karatasi. Si mbao, si plastiki. Anatazama picha za vitabuni, anachora kila kipande mwenyewe kwenye karatasi ngumu, anapiga hesabu ili kila mita mbili za meli ya kweli ziwe sentimita moja mezani, halafu anakata, anakunja, anagundisha. Ngazi za mabaharia ni karatasi. Mnyororo wa nanga ni karatasi. Kuna viboti vya kuokolea watu, vidogo kama ganda la karanga, na ndani vina viti. Mtu akiiona anasema, "Aa, hiki ni chuma." Mjomba anapuliza kidogo, manowari inasogea, mtu anaruka.

Mimi niko kwenye meza hiyo tangu kaptula. Sasa nimemaliza shule, cheti kiko kwenye bahasha juu ya kabati, kazi hakuna, chuo hakuna, na kila asubuhi watu wenye pa kwenda wanapita dirishani kwetu mbio mbio. Mimi mbio zangu zilikuwa za kwenda chumba cha nyuma. Kazi yangu pale ni kingo. Ukikata karatasi ya kijivu, ukingo wake unabaki mweupe, si ndio? Ukiunganisha vipande viwili, mstari mweupe unabaki pale unakuchekelea meno nje. Ukiuona huo mstari tu, meli yote inarudi kuwa karatasi. Basi mimi nachanganya rangi, kijivu na tone la kahawia, napaka kila ukingo kabla ya gundi. Ni kazi ya ajabu. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba ulikuwepo.

Na hapo ndipo penye shida yangu. Kuna siku paka wa jirani alilala juu ya meli moja. Alilala tu maskini, ameona pana jua. Sitaha, ile sakafu ya juu ya meli, ikabonyea, tukaifungua, nikachungulia ndani. Chini kabisa, kwenye mkuku, yaani ule uti wa mgongo wa meli, pameandikwa majina mawili. La mjomba, na la rafiki yake wa kiwandani aliyefariki, ambaye ndiye walianza naye mambo haya.

"Kwani mnaandika na ndani?" nikauliza.

"Nje ni kwa ajili ya watu," mjomba akasema. "Ndani ni kwa ajili ya waliohangaika nayo. Kabla ya kufunika sitaha, aliyeijenga anaandika jina. Ikishafunikwa, basi. Halionekani tena mpaka dunia iishe au paka arudi."

Tangu siku hiyo nasubiri. Kila meli ikifika kufunikwa, nasogea, najifanya nafuta meza. Mjomba anatoa kalamu yake ya wino mweusi, anaandika jina lake, anairudisha mfukoni. Mimi napewa sitaha niishike. Sijawahi kuomba. Jina la kuomba ni kama sifa za kuomba, unapewa lakini halina ladha.

Halafu ikaja hii kubwa. Maktaba kuu walimpa mjomba sanduku la kioo pale mlangoni, kila anayeingia lazima alipite. Mjomba akachora manowari ndefu kuliko zote alizowahi kufanya, haikutosha hata kwenye meza, ikabidi tuongeze ubao wa kupigia pasi. Na siku moja tunakata mbavu zake, mimi na yeye, akaniambia, "Hii peke yangu siiwezi, mjomba." Sisi tunaitana hivyo, mimi mjomba yeye mjomba. "Hii itakuwa na jina la pili."

Hakusema la nani. Lakini chumbani alikuwepo nani mwingine? Mimi na feni.

Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyemeza taa. Na wiki hiyohiyo ndiyo dada akaleta mchumba.

Haya, turudi kwenye soda. Mjomba alikuwa anaviringisha mitutu ya mizinga. Unachukua kikaratasi, unakizungusha kwenye sindano ya kufumia mpaka kiwe kama mrija mwembamba, unachomoa sindano. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Lakini karatasi ina uelekeo wake, kama ubao, ukiiviringisha kinyume inavunjika mikunjo. Mimi kujifunza mtutu mmoja ulionyooka kulinilia likizo nzima.

Meno akaomba ajaribu. Nikasema moyoni, jaribu baba, jaribu. Akakichukua kile kikaratasi, akakipindapinda huku na huku kati ya vidole, akakigeuza, akaviringisha. Mtutu ukatoka umenyooka kama neno la baba mkwe.

"Umejifunza wapi wewe?" mjomba akauliza.

"Kwenye nta, mjomba. Kazini tunafanya na nta nyembamba kuliko hii. Ukiilazimisha inakuambia."

Ukiilazimisha inakuambia! Nani anaongea hivyo?

Mjomba akauinua ule mtutu kwenye mwanga, akachungulia tunduni kama anatafuta mwezi mwandamo. Akauweka chini polepole. Halafu akasema, "Huyu fundi."

Mimi sijawahi kuitwa fundi. Naitwa mjomba, naitwa wewe, naitwa hebu nipe kisu kile.

Baada ya hapo akawa anakuja kila akitoka kazini. Eti anakuja kumwona dada. Anamwona dada dakika za kusalimiana, halafu huyo chumba cha nyuma. Alikuja na miwani ya kukuza vitu. Alikuja na vijikulabu vya chuma vya kazini kwao, vinaingia mahali ambapo kidole hakiingii. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, kwa sababu siku moja nilikaa kwenye changu mapema na nikagoma kuinuka hata nilipobanwa na mkojo. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilizidiwa.

"Una nini na mume wangu?" dada akaniuliza jikoni.

"Mume wa nani? Hata posa haijaisha kuzungumzwa."

"Jibu swali."

"Sina kitu. Namwonea huruma tu, anakuja kukuona wewe anaishia kuona mjomba."

Dada akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Mama! Njoo umsikie mwanao. Ana wivu kama mke mkubwa!"

Mama naye, bila kugeuka, "Muache. Wivu ukimzidi ataenda kutafuta kazi."

Unaona familia yangu? Mtu umejeruhiwa, wao wanakutia chumvi na kusifia ladha.

Lakini kilichoniuma zaidi si kigoda wala miwani. Ni kwamba nilikuwa nahesabu. Kila Meno alipofanya kitu kizuri, nililiona jina la pili linasogea upande wake. Alikata madirisha ya duara ya meli, yote, kila moja dogo kama jicho la panya, hakuna hata moja lililochanika. Jina likasogea. Akafunga kamba za mlingoti kwa vile vijikulabu, mjomba akapiga makofi. Jina likasogea. Mimi nikapaka kingo za bomba zima la moshi, mshono hauonekani hata ukitafuta kwa tochi, na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuona.

Tukafika kwenye ngozi. Ngozi ndio hivyo vipande vya nje vinavyofunika mbavu, toka nyuma mpaka mbele. Ilikuwa Jumapili, mjomba akatukalisha wote wawili, meli katikati, imebanwa kwa pini kwenye kitako chake. Meno upande wa kushoto. Mimi upande wa kulia.

"Sikilizeni," akasema. "Karatasi ikipata gundi inalowa. Ikikauka inavuta. Ukivalisha upande mmoja peke yake, unavuta wote kwa pamoja, na upande wa pili hakuna wa kuushika. Meli inakuwa ndizi. Kwa hiyo kushoto kipande, kulia kipande. Anayemaliza anamsubiri mwenzake. Mnanisikia? Mnasubiriana."

"Sawa mjomba," tukasema pamoja. Hata hilo liliniudhi, kusema naye pamoja.

Tulivalisha vipande vya nyuma mjomba akituangalia. Halafu wakampigia simu kutoka kiwandani, mashine yake imekwama na vitabu vya shule vinasubiriwa, akavaa shati akaondoka. Mlangoni akageuka. "Mkimaliza ngozi leo, wiki hii tunafunika." Akaugusa mfuko wa shati, pale panapokaa kalamu.

Niliona alivyougusa. Na Meno naye aliona.

Nikaanza. Na siku hiyo mikono yangu ilikuwa imeamka vizuri, sijui niseme nini, kila kipande kilikuwa kinakaa chenyewe. Napaka ukingo, naweka gundi nyembamba, nakandamiza kwa mgongo wa kijiko, nashika kingine. Nikainua macho, Meno bado yuko kwenye kipande kilekile, amevaa miwani, anakitazama kama kinamdai maelezo.

"Shemeji," akasema, "nisubiri kidogo."

"Fanya haraka."

"Hiki hakikai vizuri. Ni kama jino, ukilikosea milimita mtu anauma ulimi mwaka mzima."

"Hapa hakuna ulimi."

Nikasubiri kidogo. Nikapaka rangi kingo za kipande kinachofuata, ili mikono isilale. Nikakishika tu, kukipima. Kikakaa vizuri. Sasa kipande kimekaa vizuri, unakitoa kwa nini? Nikatia gundi. Kikafuata kingine.

"Shemeji, si alisema tusubiriane?"

"Wewe subiri. Mimi si nimeshamaliza?"

Akaweka kijikulabu chake chini. "Basi mimi nitaishia hapa mpaka mjomba arudi."

Ishia hapohapo! Ndicho nilichokuwa nataka. Nikawaza mjomba anarudi, anaona kushoto kwa fundi mbavu ziko wazi kama mbwa wa jalalani, kulia kwangu ngozi imefika mpaka mbele kabisa, hakuna mstari mweupe hata mmoja. Nitakuwa nimekaa tu nafuta brashi. Sitasema kitu. Nilivalisha mpaka kipande cha mwisho, cha pale mbele meli inapochongoka, na kilikaa, nakuapia, kama kope kwenye jicho. Meno alikuwa ameenda sebuleni kunywa chai na mama.

Mjomba aliporudi gundi ilikuwa imekauka kabisa. Akaingia, sisi nyuma yake. Akautazama upande wangu, akapitisha kidole juu ya ngozi, toka nyuma mpaka mbele. Nikamwona anataka kutabasamu.

Akachomoa pini.

Akaiinua meli kutoka kwenye kitako, akaiweka juu ya kile kioo cha dirisha tunachotumia kupimia. Ikatikisika. Tik, tik. Akainama, akafumba jicho moja, akachungulia kwa nyuma, kama mtu anayelenga bunduki. Akakaa hivyohivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaona. Pua ya manowari ilikuwa imegeukia kulia, kama mtu ameitwa na rafiki yake upande ule.

 

Halafu Meno akakohoa. "Mjomba, ni mimi. Nilichelewa sana upande wangu. Mwenzangu ilibidi aendelee."

Sikiliza, nikwambie nilichosikia moyoni. Mtu mwingine angesema, jamani, kijana muungwana, ananisitiri. Mimi nilisikia moto. Kachukua kigoda, kachukua neno fundi, kachukua mama, kachukua mjomba, sasa anataka na kosa langu! Hata la kuharibu nisiwe nalo? Mjomba alikuwa ameshaanza kumgeukia na ile sura yake laini ya kusema usijali mkwe wangu, na mimi nikajua kabisa, akisema hivyo, jina limekwenda.

"Muongo huyo!" nikasema. "Alinikataza, tena sana. Upande wa kulia wote ni wangu. Kila kipande. Yeye hakugusa kitu!"

Nilisema kwa sauti ya kudai haki, sijui kama unanielewa. Kama mtu aliyeporwa shamba. Mama akaja mlangoni kuuliza nani anapigana.

Mjomba akanitazama. Halafu akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, kisha akakaa kwenye kigoda chake na kujifuta macho. "Mjomba," akaniambia, "nimefanya kazi na watu wengi. Sijawahi kuona mtu anapigania ndizi."

Kisha akaacha kucheka. Alisema tutafumua. Siyo kubandua, maana ngozi ikibanduliwa inachanika, na kuchora upya hakuna muda, mkutubi anakuja na gari mwisho wa wiki. Ni kukata kwenye mishono, upande wangu wote, ili karatasi iachie, meli inyooshwe juu ya kioo, halafu ifungwe tena kwa vibanzi vya karatasi kutoka ndani.

"Mkwe utakata," akasema. "Mkono wako hautetemeki. Wewe," huyo ni mimi sasa, "utaishika inyooke. Ukilegeza tu, anakata mbavu."

Basi ndivyo nilivyokaa, uso kwa uso na Meno, siku kadhaa, kila akitoka kazini. Mimi nimeikumbatia manowari kama mtoto mgonjwa, yeye anapitisha wembe kwenye mishono yangu. Mishono niliyoificha kwa ustadi hata mimi mwenyewe sikuiona. Yeye aliipata yote. Anatafuta kwa ncha ya kijikulabu, anasimama, ananiangalia. "Hapa?" Nami najibu, "Mbele kidogo." Kila akikata nasikia inalia, kriii, na chini ya viganja vyangu naisikia meli inaachia, inarudi kidogo, inarudi tena. Mkono wake kweli haukutetemeka. Nilikuwa namwombea utetemeke hata mara moja, halafu nikikumbuka ni meli yangu naomba usitetemeke. Ilikuwa kazi ngumu kuomba hivyo.

"Shemeji," akasema siku moja bila kuinua kichwa, "hizi kingo unazipakaje?"

"Kwa rangi."

"Najua kwa rangi. Nimejaribu nyumbani. Inatoka buluu."

Kumbe anajaribu nyumbani. Kumbe hata usiku anataka kulala na kitu changu.

Tulipomaliza kuifunga tena, kulia kipande, kushoto kipande, mpaka Meno naye akafika mbele upande wake, ilisimama sawa. Tuliiweka kwenye kioo, haikutikisika. Mjomba akachungulia na jicho lake moja, akatikisa kichwa juu chini. Lakini upande wa kulia ulikuwa umejaa makovu. Kila mshono una mstari mweupe, toka nyuma mpaka mbele, kama samaki aliyeparwa magamba. Meno akachukua brashi, nadhani kwa kutaka kusaidia, akapaka mmoja. Buluu. Hata mama, ambaye kwake meli zote ni takataka za kufagiliwa, alisema, "Hapo pana alama."

"Niitieni mwenyewe," mjomba akasema.

Nilikuwa nimesimama palepale nyuma yake, lakini alisema hivyohivyo, niitieni mwenyewe, na mimi nikajifanya natoka mbali. Nikakaa. Nikachanganya kijivu, tone la kahawia, na kwa kuwa karatasi ilikuwa imezeeka kidogo kwa kushikwashikwa, nikaongeza jasho la kidole, hiyo ni siri yangu na Meno hatanisikia nikiitaja. Nikapaka kovu moja moja. Walikaa wananiangalia, wote, Meno amevaa miwani yake ya kukuza, pumzi yake iko begani kwangu. Nilipomaliza akatafuta mishono kwa macho, mbele, nyuma, akarudi mbele.

"Sizioni," akasema.

Nikasema, "Ndiyo kazi yenyewe."

Sasa sitaha. Mjomba aliileta kwa mikono miwili, imeshajengwa yote juu, mabomba, milingoti, mizinga na mitutu ya Meno imeelekezwa kila upande. Akaiweka pembeni. Akatoa kalamu. Mimi safari hii sikujifanya nafuta meza, nilisimama tu, mikono inaning'inia.

Chini kwenye mkuku, kati ya ubavu na ubavu, pana nafasi kama ubavu wa kiberiti. Majina mawili yanatosha, ukiandika kwa adabu.

"Langu liko kwenye nyingine zote," mjomba akasema. "Hii mmeipinda nyinyi na mmeinyoosha nyinyi. Andikeni. Mkibanana shauri yenu."

Akaninyooshea mimi kalamu. Mimi kwanza.

Nataka nikwambie kwamba niliwaza mambo makubwa. Sikuwaza. Niliwaza nafasi tu. Niliiona nafasi yote ile, ubavu wa kiberiti mzima, na kalamu iko kwangu, na yeye yuko nyuma yangu anasubiri. Nikaandika kubwa. Jina langu, na la baba, na la babu nikalitia, na mkia wa herufi ya mwisho nikauvuta mpaka ukagonga ubavu. Nikapuliza wino ukauke. Nikamkabidhi kalamu kwa heshima zote.

"Karibu shemeji."

Meno akainama. Akatazama. Akanitazama mimi. Akashusha miwani yake ya kukuza machoni, akaishika kalamu kama anavyoshika vile vijikulabu, akasimamisha pumzi. Kwenye kona, chini ya mkia wa babu yangu, palibaki mahali pa punje ya mchele. Akaandika humo. Alipoinuka akanivulia miwani, akanipa.

"Hebu angalia kama limesomeka."

Nikaangalia. Limesomeka. Jina lote, herufi zimesimama kama askari kwenye gwaride, zimenyooka, zina nafasi sawasawa, na mwishoni ameweka kinukta kizuri. Halafu nikaangalia langu kwa miwani ileile. Kwa haraka ya kujaza nafasi nilikuwa nimeandika kwa kupanda. Jina langu lilianzia chini kushoto likaishia juu kulia. Lilikuwa limepinda.

Nikanyoosha mkono nichukue kalamu nirekebishe, lakini mjomba alikuwa ameshapaka gundi.

"Shikeni," akasema. "Huku wewe, huku wewe. Shusheni pamoja. Mnasubiriana, eti?"

Tukashusha. Ikafungwa.

Iko maktaba sasa, pale mlangoni. Siku ya kuizindua tulienda wote, mama kavaa vizuri kama anaolewa yeye. Watu walizunguka kioo, wanaonyeshana mizinga, wanaonyeshana viboti, mtoto mmoja akasema ile mitutu ni sindano za kweli. Mitutu, kila mtu mitutu. Upande wa kulia wanapita tu, hakuna anayesimama, kwa sababu hakuna kitu cha kuona, ni chuma kitupu. Nilisimama mimi.

Dada akaja akatushika mikono, mimi huku, Meno huku. "Mjomba ameniambia mna majina humo ndani. La nani limetangulia?"

"Yote mawili yapo," Meno akasema, kwa ile sauti yake ya maelekezo ya dawa.

"Langu ndilo kubwa," nikasema.